Chini ya Koti la Enoki

"Fundi, hili gauni si langu."

"Ni lako, Mama Ema. Kitambaa cha bluu, madoa meupe, kola pana. Mumeo aliagiza mwenyewe, akasema ni la kuvaa melini."

"Kitambaa ndicho nilichochagua. Lakini kiuno hiki, fundi Linus, ni cha nani? Hapa labda niingize mkono mmoja, na wenyewe uuombee."

Fundi Linus akaacha kukanyaga cherehani. Akalitazama gauni, akamtazama Ida, mabega yake mapana ya mtu aliyelima miaka tisa, akalitazama tena gauni.

"Mimi nilishona kwa kipimo nilicholetewa," alisema, akatoa kwenye mtoto wa meza kamba nyembamba yenye mafundo matatu. "Fundo la kifua, la kiuno, la nyonga. Baba Ema aliileta mfukoni."

Ida akaichukua ile kamba, akaizungusha kiunoni pake. Ncha hazikukutana. Pengo lililobaki ungeweza kupitisha kiazi.

"Alisema nani aje kulichukua?"

"Alisema nimpe Nahumu, dereva wa basi, alishushe Makambako kwa Telesia, yule anayeuza chai pale nji..."

Fundi akakumbuka, kwa kuchelewa, kwamba Mungu aliwapa mafundi pini ili waziweke mdomoni wasiongee. Akaziweka nne kwa pamoja.

"Zitoe, fundi. Utameza."

"Mama Ema, mimi ni fundi nguo tu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ungekuwa mchungaji ningelia, nisingeuliza kitu."

Ulikuwa mwaka 1958, hapa Njombe. Hakukuwa na simu ya mume ya kuchungulia akiwa bafuni. Mwanamke wa siku zile alipotaka kujua mumewe anakwenda wapi, ilibidi akapekue kwa fundi.

Ida akalikunja gauni taratibu, kola juu, akamrudishia.

"Lipeleke Makambako kama ulivyoagizwa. Na leo hukuniona."

"Hukasiriki?"

"Nimekasirika sana, fundi. Ndiyo maana nalikunja vizuri."

*

Sasa nikueleze hiyo meli ilitoka wapi, maana Mtwango, walikoishi Ida na Enoki Mwalongo, maji makubwa kuliko yote ni ya mto unaovukwa kwa gogo.

Kwenye maonyesho ya kilimo mwaka ule, pareto bora wilaya nzima ilitoka shambani kwao. Zawadi ikawa safari ya meli ya pwani, siku nane: kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, Tanga, Mombasa na kurudi. Kwenye jukwaa aliitwa Enoki. Enoki akapanda, akavua kofia, akapigiwa makofi. Ida alikuwa nyuma kabisa, vidole vimechubuka kwa kuchuma maua, anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Tangu siku hiyo alikuwa mwanamke wa baharini. Aliweka gogo la mti uani, akasimama juu yake, akawa analibiringisha huku na huku ajizoeze mawimbi.

"Mama Ema, utavunja mguu kabla ya kuiona hiyo bahari!" Enoki alikuwa akicheka, siku za mwanzo, kabla hajaanza kufikiri.

"Nishike basi! Hujui kazi ya nahodha?"

Na alikuwa akimshika. Ida akiwa juu ya gogo, mikono ya mumewe kiunoni, husema maneno yale yale:

"Siku nane, Baba Ema. Siku nane mimi na wewe hatuchumi chochote. Tumekaa tu, tunatazama maji, kama watu."

Hilo ndilo alilolitaka. Miaka tisa ya ndoa, hawakuwahi kukaa pamoja mchana bila kikapu katikati yao.

Jioni ile alipotoka kwa fundi, alimkuta Enoki mezani, uso umejaa huruma ya kuazima.

"Mama Ema, nina habari mbaya. Nimeongea na dresa wa hospitali. Anasema watu wa nyanda za baridi, hasa wanawake, damu yao ni nzito. Ikikutana na joto la bahari, inachemka."

"Inachemka?"

"Kama uji."

"Ya wanaume haichemki?"

"Ya wanaume ni nyepesi. Dresa kasema."

"Mwee! Mungu ni mwema kwenu." Ida akammiminia chai. "Basi utakwenda peke yako, mume wangu?"

"Nitafanyaje? Zawadi ya watu haikataliwi. Nitakuletea chupa ya maji ya bahari."

"Niletee mbili. Moja nitampa mama."

Enoki akanywa chai yake kwa raha zote. Maskini, hakusikia kwamba tayari mama mkwe ametajwa.

*

Asubuhi Ida alikuwa ofisini kwa Bwana Shamba Hilari, mtu wa miwani aliyependa kila kitu kiwe kama kilivyoandikwa.

"Bwana Shamba, nisomee karatasi ya zawadi. Neno kwa neno."

Hilari akasafisha koo. "'Barua hii ni ruhusa ya kusafiri melini kwa watu wawili wa nyumba ya Enoki Mwalongo, mkulima wa pareto, Mtwango.' Basi."

"Imesema Enoki mwenyewe lazima awemo?"

"Imesema watu wawili wa nyumba yake."

"Imesema mke?"

"Imesema nyumba."

"Mama yangu akija kukaa kwangu, akala kwangu, akalala kwangu, ni wa nyumba?"

Bwana Shamba akavua miwani. "Mama Ema, unataka kufanya nini?"

"Nataka kusafiri."

Akaivaa tena. "Akila na kulala hapo, kwangu mimi ni wa nyumba. Lakini barua namkabidhi mumeo. Jina ni lake."

"Mkabidhi. Na ataiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Huwa anaweka huko vitu asivyotaka niguse."

Kutoka hapo alitembea mpaka Mdandu kwa mama yake. Zipora alikuwa mjane, mwembamba, mgumu. Tangu gari la kwanza lipite kijijini aliapa hatalipanda, kwa sababu kitu kinachokunywa mafuta badala ya maji hakiwezi kuwa na nia njema.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mbona uso huo?"

"Nataka upande basi. Kisha treni. Kisha meli."

"Niue hapa hapa, tuzike karibu."

Ida akamsimulia: gauni, kamba ya mafundo, Telesia, damu ya kuchemka. Zipora alikuwa akimenya kiazi. Akamaliza kukimenya, akakiweka, akafuta kisu kwenye kanga.

"Hilo basi linapita saa ngapi?"

*

Hapa kuna jambo lazima ulijue, kama hukuzaliwa upande ule. Kwa kina Zipora, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani yeye huingia kwenye majani, au hujifunika kichwa mpaka mama apite. Hawakai kiti kimoja. Hawasemezani ana kwa ana. Neno hupitishwa kwa mtu wa tatu, na mtu asipokuwepo, nguzo ya nyumba inatosha. "Nguzo, mwambie huyo chakula kipo." Ni heshima, na pande zote mbili huilinda. Siku mama mkwe akiamua kumtazama mkwewe machoni, maana yake ni moja: huyu si mkwe wangu tena.

Sasa fikiria Enoki alivyorudi kutoka shambani akamkuta Zipora ameketi mlangoni mwa nyumba yake.

Aliruka kama aliyekanyaga siafu, akavuta koti juu ya kichwa, akazunguka nyuma ya nyumba.

"Mama Ema! Mama Ema, njoo huku! Mama amekuja lini?"

"Leo. Amekuja kukuaga. Si unakwenda baharini?"

"Ataondoka lini?"

"Ukishaondoka."

"Ni wiki mbili hizo!"

"Anakupenda sana."

Wiki mbili Enoki alilala kwenye banda la kukaushia pareto. Aliamka anapiga chafya, akala anapiga chafya. Kunguni hata mmoja hakumgusa, maana kuua wadudu ndiyo kazi ya pareto, na hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata. Kila asubuhi alisikia sauti kutoka uani:

"Nguzo, muulize huyo kama amelala vizuri."

"Nguzo," anajibu Enoki toka bandani, macho mekundu, "mwambie mama nimelala vizuri sana. Haaa-chya!"

Lakini alivumilia. Alikuwa anahesabu siku. Siku moja kabla ya safari akabeba sanduku kwenda Njombe kuchukua barua na kupanda basi hukohuko. Ida akamsindikiza mpaka barabarani.

"Baba Ema, kama kuna neno unataka kuniambia kabla ya kwenda, niambie sasa."

Hiyo ilikuwa nafasi yake, na Ida alimpa kwa moyo mmoja. Alisimama akamngoja kweli, mikono imeshika ncha za kanga.

Enoki akamtazama.

"Usisahau kuipepeta pareto," alisema, akaenda zake.

*

Kesho yake asubuhi basi la Nahumu lilitoka Njombe limejaa. Enoki alikaa benchi la pili la watu wawili, koti jipya, barua mfuko wa ndani, na sanduku lake kaliweka pembeni yake kushika nafasi ya mtu. Walipokaribia Mtwango aliiona nyumba yake kwa mbali. Akatabasamu, akainua mkono apunge.

Basi likapunguza mwendo.

"Dereva, unasimama nini hapa?"

"Kuna abiria," alisema Nahumu. Gauni lilipopelekwa Makambako lilikwenda na habari yake pia. Fundi na dereva ni watu wasioweza kukaa na siri iliyowazidi uzito. "Toa sanduku hapo, bwana. Kiti si cha sanduku."

Zipora akapanda kwanza, ameshikilia mlango kwa mikono miwili kama anayeingia kwenye tumbo la mnyama. Akaketi kwenye kile kiti. Bega kwa bega.

Enoki akavua koti, akajifunika kichwa chote.

Ida akapita bila neno, akaketi benchi la nyuma yao.

"Nguzo," Zipora aliliambia bomba la chuma lililosimama mbele yake, "mwambie huyo asiogope. Mimi ndiye ninayeogopa gari."

Wote waliokuwemo walijua lile koti maana yake nini. Njia nzima Enoki alikuwa kwenye giza tupu, jasho linamchuruzika, hawezi kushuka kwa sababu ili ashuke ni lazima ampite mama mkwe magotini, na hawezi kusema kwa sababu hajui aseme na nani.

Makambako upepo ulikuwa ule ule wa siku zote, unaotembea na vumbi la njia zote tatu. Pale njia panda alisimama msichana mrefu mwembamba, gauni la bluu lenye madoa meupe, kikapu mkononi. Lilimkaa vizuri mno. Ida akaliona, akashika benchi.

Telesia akaingia anacheka.

"Jamani, Enoki! Mbona umejifunika? Baridi imekushinda hata ndani ya gari?"

Koti likajikunja zaidi.

"Shikamoo, mama. Samahani, hicho kiti ni changu. Nimeshikiwa na mchumba wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nguzo, umesikia? Muulize huyu binti mchumba wake ni yupi."

Telesia akalitazama bomba, akamtazama bibi. "Ni huyu hapa, mama. Tunakwenda kupanda meli. Tukirudi tunapeleka barua kwetu Makete."

"Nguzo, muulize kama huyo hana mke."

"Alikuwa naye. Alifariki, Mungu amlaze pema. Mwaka wa tatu sasa. Homa ya mapafu."

"Homa ya mapafu!" Sauti ilitoka benchi la nyuma. "Na mimi nilidhani nimekufa kwa jambo la maana."

Telesia akageuka.

"Mimi ndiye marehemu," alisema Ida. "Naitwa Ida, mama yake Ema. Yuko shule ya misheni, bweni, naye hajui kama ni yatima. Huyo uliyempa shikamoo ni mama yangu mzazi."

Telesia hakupiga kelele. Uso ulimshuka kidogokidogo. Akakaa kwenye kikapu chake pale njiani, katikati ya magoti ya watu.

"Dada, nimefunga kibanda," alisema kwa sauti ndogo. "Nimegawa mpaka birika. Nimewaandikia kwetu wote." Kisha akainuka, akaligonga lile koti kwa kidole, kama anayebisha hodi. "Enoki. Sema ni uongo. Enoki! Toka humo!"

"Mmm," lilisema koti.

"Hawezi kutoka, mwanangu," alisema Zipora. "Anamheshimu mama mkwe wake. Amenilindia heshima hii miaka tisa, hajawahi kukosea hata siku moja. Mwanangu tu ndiye hakumlindia."

Akasimama. Gari lilikuwa limezimwa, lakini bado alishika bomba kwa mkono mmoja. Mkono wa pili akaushusha kwenye koti.

"Mama Zipora, usifanye hivyo!" mzee mmoja wa nyuma aliita. "Tafadhali, mama!"

Zipora akalivuta.

Enoki akabaki nje, nywele zimelowa jasho, macho yanapepesa kwa mwanga. Akainamisha kichwa haraka. Zipora akamshika kidevu, akakiinua, akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, machoni, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Kumbe hivi ndivyo ulivyo," alisema. Hakusema na nguzo. "Nilidhani una uso mkubwa zaidi. Hujambo, kijana."

Kijana. Mtu mmoja ndani ya basi akashusha pumzi.

"Mama, nisamehe..."

"Usiniite mama. Nimeshakuona."

Akampa Ida lile koti. Ida akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, akatoa barua.

"Ida! Mke wangu! Hiyo ni ya kwangu, jina langu limo!"

"Limo. 'Watu wawili wa nyumba ya Enoki Mwalongo.' Mimi na mama tumetoka nyumba hiyo asubuhi hii. Wewe wiki mbili umelala bandani, umeshuhudiwa na nguzo."

"Damu yako itachemka!" Sijui kwa nini alisema hivyo. Nadhani ndilo neno lililokuwa karibu.

"Imeshachemka, Baba Ema. Shuka."

Nahumu akafungua mlango. Enoki akashuka Makambako bila koti, upepo ukampokea. Telesia akashuka nyuma yake, amebeba sanduku la Enoki.

"Nipe sanduku, Telesia."

"Utalichukua kwa mjomba wangu. Njoo ukae naye, umwelezee ile homa ya mapafu."

Halafu akarudi dirishani, anavuta kola ya gauni. "Dada, nikuvulie. Ni lako hili."

"Halinitoshi. Vaa tu, limekupenda." Ida akalitupia macho mara ya mwisho. "Wewe hukuniibia, umedanganywa kama mimi. Fungua kibanda chako. Tukirudi tutapita kunywa chai."

Basi likaondoka. Zipora akafumba macho, akamshika mwanawe mkono, akasema kwa sauti ya mtu aliyekubali kufa: "Hicho kitu cha majini, kinatikisika kuliko hiki?"

"Zaidi, mama. Lakini nimejizoeza."

*

Siku ya kumi, Enoki alipokea kadi yenye picha ya meli. Imeandikwa kwa mwandiko wa Ida, ulionyooka, wa shule ya misheni:

"Kwa Enoki Mwalongo, Banda la Pareto, Mtwango. Hatujachuma chochote tangu Jumatatu. Mama hajatapika hata mara moja, anasema ni basi ndilo baya. Kuna watu hukaa wawiliwawili jioni wanatazama maji. Nami huwatazama. Ningekaa hivyo na wewe, na ungecheka sana. Pepeta pareto. Ida."

Aliisoma bandani, akapiga chafya, na mara hiyo haikuwa pareto peke yake.

Siku waliporudi alikuwa Makambako tangu alfajiri, gunia mabegani badala ya koti. Basi la Iringa likasimama. Alipoona miguu ya Zipora ikishuka, akavuta gunia kichwani haraka, akageukia ukuta wa duka.

Hatua zikaja. Gunia likaondolewa.

"Hujambo, kijana," alisema Zipora, anamtazama machoni. "Tubebee mizigo."

Akaibeba. Ng'ambo ya barabara Telesia, gauni la bluu chini ya aproni, alikuwa akimimina chai vikombe viwili. Viwili tu. Ida na mama yake wakavuka, wakaketi mbele ya kibanda.

"Ida," Enoki alisema, amesimama na vikapu kila mkono, "nimekosa. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako. Nifanye nini nirudi ndani?"

Ida alikuwa na rangi mpya, nyeusi ya kung'aa, ya jua la maji. Akanywa chai kidogo.

"Mimi siwezi kumrudisha ndani mtu ambaye mama yangu si mkwewe. Aliyekuona ni yeye, na kukufunika tena ni juu yake. Muombe."

"Nitamwombaje? Hataki kunisikia! Ameshanikataza hata kumwita mama!"

Ida akatazama kibanda cha Telesia, mti mmoja uliosimama katikati kushikilia bati, akauonyesha kwa kidevu.

"Nguzo si ile pale?"

Enoki akaweka vikapu chini. Njia panda yote ya Makambako ikageuka kutazama. Akaenda mpaka kwenye ule mti, akaufikia, akauinamia.

"Nguzo," alianza.

Zipora akasogeza kiti chake karibu, akaomba chai ya pili.